Usalama wa mtandao: Mzigo huu asitwikwe mnyonge peke yake

Hakuna nasaha inayorudiwa mara nyingi zaidi katika nchi hii kuliko ile ya kumwonya mwananchi asimpe mtu yeyote nambari yake ya siri. Benki huitoa, kampuni za simu huitoa, polisi huitoa. Ni nasaha njema, nami siipingi. Lakini naona kwamba imegeuzwa kuwa ngao ya wakubwa badala ya kuwa ngao ya wadogo. Mama muuza mboga anapoporwa akiba yake kwa njia ya simu, neno la kwanza analoambiwa ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mwizi mlango. Baada ya hapo husikitikiwa, hupewa nambari ya kuripotia, na mambo yakaishia papo hapo. Kwa kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Maoni yangu ni kwamba utaratibu huu, ambao leo ni dhuluma, kesho utakuwa upuuzi mtupu. Wizi wa mitandaoni unaelekea mahali ambapo tahadhari ya mtu mmoja haitatosha tena, hata awe mwerevu namna gani. Iwapo hatutauhamisha mzigo wa ulinzi kutoka kwa raia na kuwabebesha wale wanaozijenga na kuzifaidi hizi huduma, basi tutakuwa tunawafundisha watu kufunga mlango wa nyumba isiyokuwa na ukuta.

Tuanze na tulikotoka. Mnamo Novemba 1988, mwanafunzi mmoja wa Marekani aitwaye Robert Morris aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe katika intaneti, ambayo wakati huo ilikuwa changa. Yakadiriwa tarakilishi zipatazo 6,000 ziliathirika. Mei 2000, barua-pepe iliyojifanya ya mapenzi ilitoka Ufilipino ikaizunguka dunia kwa muda wa saa chache, na aliyeshukiwa kuiandika hakuweza kushtakiwa kwa sababu nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Huo ulikuwa wakati wa utundu. Kisha ukaja wakati wa serikali kupigana kichinichini: mnamo 2010 iligunduliwa programu iliyokuwa imeharibu mitambo ya nyuklia ya Iran kule Natanz bila ya risasi hata moja kufyatuliwa. Ukaja pia wakati wa biashara. Februari 2016 wezi waliiibia Benki Kuu ya Bangladesh dola milioni 81, nao walikuwa wamejaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja. Mei 2017, programu ya kudai kikombozi iliyoitwa WannaCry ilizifunga tarakilishi katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa nyumbani. La kusikitisha ni kuwa dawa ya kasoro iliyotumiwa na programu hiyo ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla. Wengi hawakuitumia.

Msomaji ataona kwamba katika visa hivi vyote aliyeumia si yule aliyezembea. Mgonjwa wa London hakuwa na nywila ya kulinda. Hakuna alichofanya wala alichoacha kufanya. Aliumia kwa sababu mtu mwingine, mahali pengine, hakuziba ufa.

Hapa kwetu tumeingia katika ulimwengu huo kwa kasi ya ajabu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kufikia katikati ya 2023, serikali ilikuwa ikijivunia kuhamishia maelfu ya huduma zake katika jukwaa moja la eCitizen: pasipoti, leseni za udereva, vyeti, viza na mengineyo. Mwezi Julai mwaka huohuo, kundi lililojiita Anonymous Sudan likalishambulia. Waliotaka kununua umeme wa kulipia kabla walitatizika, waliotaka tikiti za treni walitatizika, na wageni waliokuwa wakiomba viza kwa mtandao ilibidi waruhusiwe kuzipata wafikapo nchini. Aliyekuwa waziri wa mawasiliano, Bw Eliud Owalo, alikiri kwamba shambulio lilitokea akasisitiza kuwa hakuna data iliyopotea.

Yafaa tuelewe shambulio lile lilikuwa la aina gani, kwa maana ndani yake mna somo. Washambulizi hawakuhitaji kuvunja kufuli. Waliujaza mlango tu. Ni kama mtu aliyewalipa vijana elfu kumi wasimame mlangoni pa duka lako, kila mmoja akijifanya mteja, hadi mteja wa kweli ashindwe kupita. Mali yako iko salama rafuni, lakini siku nzima hujauza kitu. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliongoza kundi hilo. Ndugu wawili! Hao ndio waliotajwa katika mashtaka yanayohusu kundi lililoweza kuutikisa mlango wa taifa zima. Taifa lilipoamua kuwa na mlango mmoja tu, lilimrahisishia adui kazi.

Sasa tutazame mbele. Nayaona mambo matatu yanayokuja, na mengine kati yake yamekwisha kubisha hodi.

La kwanza ni ulaghai wa akili unde. Kwa miaka mingi Mkenya alikuwa na kinga moja asiyoijua, nayo ni lugha. Barua za kitapeli zilikuja kwa Kiingereza kibovu, na ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii" ulimtambulisha mwandishi wake kwa ukavu wake. Mwizi wa mbali hakujua Kiswahili, sembuse Kidholuo au Kikamba. Kinga hiyo inaporomoka. Mashine sasa huandika Kiswahili sanifu kuliko maafisa wengi wa serikali, na zinaweza kuiga sauti ya mtu baada ya kumsikia kwa muda mfupi mno. Mapema 2024 ilibainika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya kihandisi ya Arup, huko Hong Kong, alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kuhudhuria mkutano wa video. Wakubwa wake aliowaona na kuwasikia katika mkutano huo walikuwa bandia.

Jiulize, ndugu msomaji. Ikiwa mtu anayefanya kazi ya fedha katika kampuni kubwa ya kimataifa alidanganywa na nyuso za watu awajuao, nyanya aliyeko Mwingi atafanyaje atakapopigiwa simu usiku na sauti ya mjukuu wake ikilia kuwa amepata ajali na hospitali yataka malipo? Je, tutamwambia naye kwamba alizembea? Hakutoa nambari ya siri kwa mtu. Alituma pesa zake mwenyewe, kwa hiari yake, kwa mtu aliyemsikia kwa masikio yake. Nasaha yetu ya kila siku haina jibu kwa hali hii.

La pili ni utegemezi. Ulimwengu wote sasa unajenga nyumba zake kwa matofali ya viwanda vichache. Tofali moja likioza, mitaa mizima huanguka. Julai 19, 2024, kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni ulinzi, ilisambaza sasisho lenye kasoro na tarakilishi zipatazo milioni 8.5 zikazimika. Ndege zilikwama na hospitali zikaahirisha matibabu. Hapakuwa na adui siku hiyo. Mlinzi ndiye aliyejikwaa akaangukia taa. Miezi minne kabla yake, ulimwengu ulikuwa umeponea chupuchupu. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alitumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya mtunzaji wa programu ndogo iitwayo XZ, inayotumika bure katika mitambo mingi sana duniani, kisha akapenyeza ndani yake mlango wa siri. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliugundua kwa sababu aliona mtambo wake ukichelewa kwa nusu sekunde hivi. Usalama wa dunia ulitegemea mtu mmoja aliyekereka kwa nusu sekunde!

Afrika haikusazwa. Julai 2021, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, Transnet, lilishambuliwa, na shughuli za makasha katika bandari ya Durban zikavurugika vibaya. Bandari yetu ya Mombasa hulisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Kila dereva wa lori anayesubiri karatasi zake Malaba anajua maana ya siku moja ya mtambo kulala.

La tatu liko mbali kidogo, lakini ndilo lenye hatari ya kimyakimya. Siri nyingi tunazopeleka mtandaoni hulindwa kwa mafumbo ya hesabu. Mojawapo ya mafumbo hayo lilitungwa mwaka wa 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, nalo hutegemea ugumu wa kuivunja nambari kubwa katika vigawanyo vyake. Mnamo 1994, Peter Shor alionyesha kwamba tarakilishi ya aina mpya, ile ya kwanta, ikikua vya kutosha itaweza kulifumbua fumbo hilo upesi. Tarakilishi yenye uwezo huo bado haijajengwa. Hata hivyo Marekani haikungoja. Agosti 2024, taasisi yake ya viwango ilichapisha kanuni tatu za kwanza za usimbaji unaokusudiwa kuihimili.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu na kwamba sisi tuna njaa ya leo. Nawasihi wafikiri tena. Mwizi mwenye subira anaweza kukusanya leo siri zilizofungwa, akaziweka ghalani, akangoja siku ufunguo utakapopatikana. Nywila ikiibwa hubadilishwa. Kadi ya benki ikiibwa hufutwa, ikatolewa nyingine. Lakini alama za vidole hazibadilishwi, wala historia ya ugonjwa wa mtu haifutiki. Taifa hili lilikusanya alama za vidole za mamilioni ya watu kwa ajili ya Huduma Namba mwaka wa 2019, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba utoaji wa kadi zake ulikiuka sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Mtoto anayesajiliwa leo atakuwa angali hai miaka sabini ijayo. Je, kufuli lililofungiwa siri zake litaishi miaka sabini?

Baada ya kutaja maradhi, haki yataka nitaje na dawa, kwa maana si kweli kwamba wezi peke yao ndio wanaopata zana mpya. Mitambo ya benki ina uwezo wa kutambua mwenendo usio wa kawaida kabla ya mteja mwenyewe kung'amua: akaunti ambayo haijawahi kutuma zaidi ya shilingi elfu mbili ikihamisha elfu themanini saa nane usiku, kwa laini iliyobadilishwa jioni hiyo. Isitoshe, umebuniwa utaratibu wa kuingia katika akaunti bila nywila yoyote: ufunguo hukaa ndani ya simu yenyewe, na mwenyewe huufungua kwa kidole au uso. Busara ya utaratibu huo ni nyepesi. Mtu hawezi kudanganywa akatoa siri asiyoijua.

Lakini dawa hizi zina wenyewe, na huuzwa kwa wenye uwezo. Maelfu kwa maelfu ya Wakenya wangali wanatumia simu ndogo zile tuziitazo mulika mwizi, na ni kinaya kwamba wao ndio mwizi anaowamulika kwanza. Kwao nambari tarakimu nne ndiyo ukuta, lango na kufuli. Benki na kampuni za simu zitawalinda watu hawa kwa bidii pale tu ambapo kutowalinda kutazigharimu. Hilo ndilo kiini cha hoja yangu.

Uingereza imeanza kulielewa jambo hili. Tangu Oktoba 7, 2024, benki za huko zinatakiwa kumfidia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa zake mwenyewe, hadi kiasi cha pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Angalia hiyo nusu ya pili. Benki iliyomfungulia tapeli akaunti nayo hulipa. Kwa hivyo kila benki ina sababu ya kuuliza ni nani huyu anayefungua akaunti leo na kupokea mamilioni kesho.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kwamba raia akijua atalipwa atazembea. Waingereza waliliona hilo: mteja aliyezembea kupita kiasi, au aliyeshirikiana na mwizi, halipwi, na benki yaweza kumkata kiasi kidogo kwa kila dai. Itasemwa pia kwamba gharama zitapandishwa kwa wateja wote. Huenda zikapanda kidogo. Lakini hasara hiyo hata sasa inalipwa, ila inalipwa yote na mtu mmoja, aghalabu yule asiyeweza kabisa kuilipa. Mwenye matatu aliyegongwa hufidiwa kutokana na bima iliyochangiwa na wengi, wala hatusemi kwamba bima imewafanya madereva wote wapofuke.

Sheria tunazo. Tunayo ya makosa ya tarakilishi ya mwaka wa 2018 na ya kulinda data ya 2019, na Kamishna wa Data yupo. Walakini, tazama nguvu zetu zilikokwenda. Vita vikubwa vya mahakamani kuhusu ile sheria ya 2018 vilihusu yale raia anayoyasema mtandaoni; vifungu 26 vilisimamishwa Mei 2018 hadi Februari 2020 kwa sababu hiyo. Ukiitazama ile ya 2019, inaitaka taasisi iliyopoteza data imwarifu Kamishna katika muda wa saa 72. Hilo ni jema. Adhabu yake, hata hivyo, imewekewa kikomo cha shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea ni kipi kilicho kidogo. Narudia: kilicho kidogo. Kwa kampuni inayoingiza mabilioni, shilingi milioni tano ni pesa za chai. Muungano wa Ulaya, katika sheria yake, huchukua kile kilicho kikubwa. Tumewezaje kuwa wakali kwa mdomo wa raia na wapole kwa mfuko wa kampuni?

Napendekeza mambo manne. Mosi, Bunge litunge kanuni ya kuwafidia waliolaghaiwa, ikizihusu benki na huduma za pesa za simu kwa pamoja, na gharama igawanywe kati ya aliyetuma na aliyepokea. Pili, neno "kidogo" katika sheria ya data libadilishwe liwe "kikubwa". Tatu, hakuna huduma ya lazima, iwe ya hospitali, ya mpakani au ya umeme, iachwe na mlango mmoja wa mtandao pekee. Pabakishwe dirisha, karatasi na mtu aliyefunzwa kuitumia, na zoezi la kufanya kazi bila mtambo lifanywe kila mwaka kama tufanyavyo mazoezi ya moto. Nne, kila idara ya serikali iorodheshe leo ni data zipi itakazozihifadhi kwa miongo mingi na zimefungwa kwa kufuli gani, ili ianze kuzihamishia kwenye kanuni mpya kabla haijalazimika. Na data isiyohitajika isikusanywe kabisa, kwani kisichokuwepo hakiibiki.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yote yanahitaji waheshimiwa wakubali kuwaudhi watu wachache wenye nguvu kwa faida ya wengi wasio na sauti.

Wala sisemi kwamba raia aache kujilinda. Aendelee kuificha nambari yake, na anapopigiwa simu ya dharura akate, kisha yeye mwenyewe ampigie mhusika kwa nambari anayoijua. Familia zikubaliane neno moja la siri ambalo mgeni hawezi kulijua. Lakini akishayafanya yote hayo na bado akaibiwa, asiambiwe tena kwamba kosa ni lake. Waliomwambia aweke pesa zake, cheti chake na kidole chake ndani ya mtambo, ndio wanaopaswa kumwonyesha ukuta walioujenga, na kumlipa ukibomoka.